Hapana, Ile Si Shahada

Picha huwa ni ya aina ileile. Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, nyuma ya kichwa chake kuna duara la dhahabu, na mtu fulani amelizungushia duara hilo mstari mwekundu kwa simu ili macho yaende moja kwa moja kwenye vijiti vilivyosimama mfano wa alifu na lamu. Maneno yanayofuata hutegemea nani ametuma. Akiwa Mwislamu, ujumbe hudai kwamba Kanisa lilificha ukweli kwa miaka 600 na sasa umefichuka: kichwani mwa Maria kumeandikwa shahada, tamko la imani ya Kiislamu. Akiwa Mkristo, huuliza kwa hofu kama ni kweli, na kama picha ya namna hiyo inafaa kubaki ukutani karibu na msalaba. Wote wawili, wakijua kwamba kazi yangu ni historia ya picha hizo, huniletea swali moja: yale maandishi yanasema nini?

Hayasemi kitu. Ni nakshi iliyoiga sura ya maandishi, na walioichora hawakujua kusoma Kiarabu. Jibu hili nimelitoa kwa subira, kisha kwa subira iliyopungua, na sasa naliandika lote mahali pamoja, maana madhara ya uvumi huu si madogo. Watu wawili wanaomheshimu mama mmoja wanagombanishwa kwa ushahidi ambao haupo.

Picha inayotajwa sana katika madai haya inajulikana kwa jina la kanisa ilimokuwa, San Giovenale. Ni mbao tatu zilizopangwa pamoja, Maria na Mtoto katikati, watakatifu wawili kila upande, kazi ya mchoraji Masaccio. Alipoikamilisha alikuwa kijana wa miaka 20. Ilisahaulika katika kanisa hilo la kijijini, huko Cascia, kusini mashariki ya Florence, mpaka mwaka 1961 mwanahistoria wa sanaa Luciano Berti alipoitambua ni ya nani. Leo inatunzwa hapohapo Cascia, katika jumba dogo la makumbusho.

Kabla ya duara, mtazameni Mtoto, kwa sababu wanaosambaza picha hii mara nyingi humkata asionekane. Yuko uchi, amenona, ameketi kwa uzito wa kweli mikononi mwa mama yake. Mkono mmoja umeshika zabibu, na vidole viwili vya mkono wa pili amevitia mdomoni. Mkristo wa karne ile alielewa mara moja: zabibu ni divai ya misa, na divai ni damu itakayomwagika. Masaccio hakuishia kwenye fumbo hilo. Alimwacha mtoto alambe vidole vyake, kama anavyolamba mtoto yeyote aliyepewa tunda tamu. Mbele ya kiti wamepiga magoti malaika wawili, nao wametugeuzia mgongo, kana kwamba sisi tumepiga magoti safu ya pili. Mistari ya sakafu na ya kiti inakimbilia mahali pamoja, hivyo ubao uliolala bapa umepata kina ambacho jicho linaweza kuingia ndani yake. Hapa uchoraji wa Italia ulikuwa unageuka njia, na aliyekuwa akiugeuza ni kijana ambaye angefariki kabla ya kutimiza miaka 28. Inaniuma kwamba katika yote haya, kinachozungushiwa mstari mwekundu ni pambo.

Chini ya picha hiyohiyo iko tarehe, 23 Aprili 1422, kwa herufi kubwa za Kirumi zilizopangwa vizuri. Yeyote aliyejua kusoma aliweza kuisoma. Mchoraji wa Italia alipotaka maneno yasomwe, aliyaandika yakasomeka. Simone Martini wa Siena, mwaka 1333, katika picha ya Maria kupashwa habari iliyoko jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, aliyatoa maneno ya malaika Gabrieli kinywani mwake akayapeleka mpaka kwa Maria kwa herufi za dhahabu, neno baada ya neno. Wapo wachoraji wengi walioandika salamu hiyo ya malaika kwa Kilatini ndani ya duara lenyewe la nuru, na inasomeka hadi leo. Basi anayesema duara la Masaccio lina ujumbe atueleze kwa nini uliandikwa kwa namna ambayo hakuna mtu katika kanisa lile, padre wala mkulima, angeweza kuusoma.

Wasomaji wa Kiswahili wana nafasi ya kulipima jambo hili wenyewe, pengine kuliko Waitalia wengi. Lugha yetu iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na wengi wetu tumekaa kwenye mkeka wa chuo tukifundishwa alifu na bee. Yatumieni mafunzo hayo. Herufi za Kiarabu zina tabia zake. Alifu haiungani na herufi inayoifuata, wala dali, wala re, wala wau. Lamu huungana. He ya mwanzo wa neno haina sura ya he ya mwisho. Katika nakshi za Waitalia tabia hizo huzioni. Vijiti vimesimama kwa mpangilio wa kupendeza macho, chini yake umepita mstari unaounga kila kitu na kila kitu, halafu hapa na pale kimeongezwa kitanzi, au mkia unaotazama upande ambao hakuna herufi yenye mkia upande huo. Mara nyingi kipande kilekile hurudiwa tena na tena, kwa kuwa duara lilihitaji kujazwa.

Wala nisiambiwe kwamba haisomeki kwa sababu ni Kufi, khati ya kale ya Kiarabu. Jibu hilo nalo nimelisikia mno, hasa kutoka kwa watu ambao hawajawahi kujaribu kuisoma Kufi. Nendeni kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi ya ukuta wa kibla yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe na yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwa khati ya Kufi ambayo ncha za herufi zimechanua kama majani. Mtu aliyezoea msahafu wa kuchapwa atababaika mbele yake. Hana hata nukta za kumsaidia kutofautisha bee na tee. Lakini anayeijua khati ile huisoma neno kwa neno mpaka afike kwenye tarehe, na anayemfuata akiisoma atapata maneno yaleyale. Hicho ndicho kipimo. Wasomaji wawili wasiojuana, wakipewa maandishi ya kweli, hukutana kwenye maneno mamoja. Wakipewa duara la dhahabu la Florence, kila mmoja hurudi na lake.

Kwa nini, basi, watu waaminifu wasiokusudia uongo huapa kwamba wanaiona shahada? Hapa ndipo penye mzizi wa kosa lote, naomba tutulie hapo. Chukueni karatasi, andikeni sehemu ya kwanza ya shahada kwa herufi za Kiarabu, bila irabu, kisha hesabuni. Zipo herufi 12, na zote 12 zimetokana na herufi tatu tu: alifu, lamu na he. Hakuna nukta hata moja. Kwa jicho lisilosoma, ni vijiti virefu na vitanzi vichache, basi. Sasa mchukueni fundi asiyejua Kiarabu, mwambieni aige sura ya maandishi aliyoyaona kwenye kitambaa au chombo kutoka Misri. Kitakachomkaa kichwani ni hicho hicho: vijiti virefu na vitanzi. Atachora hivyo. Mtu aliyeiona shahada tangu utotoni, ukutani nyumbani, juu ya mihirabu, kwenye bendera, macho yake yakikutana na safu ya vijiti na vitanzi huikamilisha yenyewe bila kuombwa. Kwa kipimo hicho mtu anaweza kuisoma shahada kwenye ua wa fito wa shamba lolote.

Dai kuhusu Masaccio lina nyongeza, kwamba shahada hiyo imeandikwa kinyumenyume. Wapo hata wasomi wa Ulaya waliotetea usomaji wa namna hiyo, na usomi wao hutumika kama muhuri wa kufunga mjadala. Haufungi kitu. Ukijiruhusu kusoma kutoka kushoto, kisha kuzipindua herufi, kisha kuruka zisizokufaa, kisha kusema fundi alikosea pale panapogoma, utasoma chochote ulichokuja nacho. Na wenye kusema ni siri iliyofichwa wajibu hili: aliyeijua shahada kiasi cha kuificha kwenye picha ya kanisa kwa nini aiandike kinyume? Na asiyeijua aliwezaje kuificha?

Nakshi yenyewe ilikotoka tunajua. Mtazameni Gentile da Fabriano, mchoraji aliyekuwa akifanya kazi Florence miaka ileile. Mwezi wa Mei 1423 alimaliza picha kubwa ya Mamajusi wakimsujudia Mtoto, iliyoagizwa na tajiri Palla Strozzi kwa ajili ya kanisa la Santa Trinita, nayo leo iko Uffizi. Duara la nuru la Maria limegawanywa vipande kwa maua ya mviringo, na kati ya ua na ua kuna mkanda wa herufi za uongo. Mpangilio huo ni wa masinia. Mafundi wa Misri na Sham chini ya masultani Wamamluki walitengeneza masinia ya shaba ya njano, mengine yametiwa fedha, yenye mkanda wa maandishi unaozunguka na kukatwa na maua ya mviringo, na masinia hayo yaliuzwa Italia kwa wenye fedha. Gentile alichukua sinia la kifahari akaligeuza kuwa nuru ya kichwani. Naliona wazo zuri sana, na ukiisha kuliona huwezi tena kuliangalia duara lile bila kuona shaba.

Na je, masinia yale ya kweli, yanayosomeka, yanasema nini? Kwa sehemu kubwa ni vyeo na sifa za mwenye kumiliki: utukufu ni wa bwana wetu sultani, mfalme, mjuzi, mwadilifu, na sifa zinaendelea mpaka mkanda ujae. Kwa hiyo hata kama mchoraji angenakili sinia herufi kwa herufi bila kukosea, ambacho tungetarajia kukikuta kichwani mwa Maria ni sifa za mtawala wa Kairo.

Tuseme hata hivyo kwamba siku moja litapatikana duara lenye neno la kweli la Kiarabu, au hata shahada nzima. Litathibitisha nini? Jibu liko kwenye sarafu moja ya dhahabu iliyoko jumba la makumbusho la British Museum, London. Ilipigwa kwa jina la Offa, mfalme Mkristo wa Mercia huko Uingereza, kwa kunakili dinari ya khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria. Shahada imo, inasomeka. Katikati ya maandishi ya Kiarabu fundi ameingiza jina na cheo cha mfalme kwa Kilatini, na ukiishika sarafu ili Kiarabu kikae sawa, jina la mfalme limekaa kichwa chini. Fundi hakujua upande upi ni juu. Alijua tu kwamba dhahabu inayoaminika sokoni ina sura ile. Hakuna mwanahistoria makini anayesema Offa alisilimu.

Kuhusu Kanisa kuficha, kumbukumbu zinaonyesha mambo mawili tofauti, na yote mawili yalifanyika hadharani. La kwanza ni Akka. Wapiganaji wa msalaba walipotawala mwambao wa Sham walipiga sarafu kwa mfano wa zile za Waislamu, zikiwa na jina la Mtume Muhammad na tarehe ya Hijria, ili zikubalike kwenye biashara. Mjumbe wa Papa alipozigundua alizipiga marufuku, na Papa Innocent IV akathibitisha katazo hilo mwaka 1253. Tangu mwaka 1251 Akka ilikuwa imeshaanza kutoa sarafu zenye maneno ya imani ya Kikristo, na yaliandikwa kwa Kiarabu. Maana yake ni kwamba Kanisa lilipokuta maneno halisi ya dini nyingine lililalamika waziwazi na kwa maandishi. Maduara ya akina Gentile na Masaccio yalikaa juu ya altare mbele ya kila mtu bila hata malalamiko, kwa kuwa hapakuwa na neno la kulalamikia.

La pili liko Apt, kusini mwa Ufaransa. Kanisa kuu la mji huo lilitunza na kuheshimu kitambaa kikiitwa shela ya Mtakatifu Anna, mama yake Maria. Kitambaa hicho ni tirazi, yaani kitambaa cha kifahari chenye mkanda wa maandishi, iliyofumwa Dumyat, Misri, mwaka 1096 au 1097, na kina jina la khalifa wa Kifatimi al-Mustali, limefumwa waziwazi kwa Kiarabu safi. Hakuna aliyelikata. Waumini wa Apt waliona kitambaa kizuri mno kilichotoka upande wa Nchi Takatifu, na kwao hilo lilitosha kukiunganisha na familia ya Yesu.

Apt inatupa ufunguo wa picha zetu. Mtaalamu Rosamond Mack, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu biashara ya Mashariki na sanaa ya Italia, anaeleza kwamba Waitalia walizichukulia herufi hizi kuwa za Mashariki ya Biblia. Kwao maandishi ya nchi alikozaliwa Yesu yalikuwa yana sura hiyo, na vitambaa vya thamani vyenye pindo za maandishi vilikuwa ndivyo walivyostahili kuvaa Mama na Mwana. Wataalamu wanabishana ni kiasi gani palikuwa na fikra hiyo na ni kiasi gani palikuwa na mapenzi ya bidhaa ghali tu. Mimi naona vyote viwili vilikwenda pamoja, maana mchoraji aliyetaka kumheshimu Maria alimpa kitu cha gharama kubwa zaidi alichokijua.

Hapa nisahihishe kosa jingine dogo, la watu waliosoma kidogo zaidi. Husemwa kwamba Masaccio alipata herufi hizi kupitia ujumbe wa Florence uliokwenda Kairo kwa sultani Barsbay, ambao mmoja wa wajumbe wake wawili alikuwa Felice Brancacci, mwenye kanisa dogo ambamo Masaccio baadaye alichora kazi zake maarufu kuliko zote. Habari tamu, ila tarehe zinaikataa. Wajumbe waliondoka majira ya joto ya mwaka 1422, na picha ya San Giovenale ilikwisha mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Bidhaa za Misri na Sham zilikuwa zimejaa masoko ya Italia muda mrefu kabla ya safari hiyo, kupitia Venice, Genoa na Pisa.

Jambo jingine linalosahauliwa na pande zote mbili ni kwamba Kiarabu hakikuwa, wala si, lugha ya Waislamu peke yao. Wakristo wa Misri na Sham walikuwa wakisali na kuandika kwa Kiarabu karne nyingi kabla ya Masaccio kuzaliwa. Mwaka 1441 wajumbe wa Kanisa la Kikopti kutoka Misri, pamoja na watawa wa Kihabeshi kutoka Yerusalemu, walifika kwenye Mtaguso wa Florence, kisha wakapelekwa hadi Roma. Mchongaji Filarete aliwaonyesha kwenye milango ya shaba ya Kanisa la Mtakatifu Petro aliyoikamilisha mwaka 1445. Milango hiyohiyo ina nakshi ya herufi za Kiarabu za uongo. Watu walioweza kuandika Kiarabu sahihi walikuwa wamepita mbele ya macho ya mafundi, na bado nakshi ilibaki nakshi, kwa sababu hakuna aliyeihitaji isomeke. Hata Daudi wa shaba wa mchongaji Verrocchio, aliyetengenezwa miaka kadhaa baadaye, amevaa vazi lenye pindo la herufi za namna hiyo, naye hana la kuficha.

Na ujinga wa herufi haukwisha haraka. Kitabu cha kwanza cha Kiarabu kuchapwa kwa herufi za kupanga kilitoka Fano, Italia, mwaka 1514, nacho ni kitabu cha sala cha Wakristo. Familia ya Paganini ilipojaribu kuchapa Qurani nzima huko Venice mnamo 1537 na 1538, makosa yalijaa ndani yake. Hao ni wachapaji waliokusudia maandishi yasomwe, wakiwa na nakala ya kufuata, zaidi ya miaka 100 baada ya Masaccio. Mnataka kijana wa miaka 20 wa mwaka 1422 awe mjuzi wa siri kuliko wao?

Katikati ya karne ya 15 mtindo wa herufi hizi kwenye maduara ya nuru ulianza kufifia Florence. Watu walikuwa wamezipenda upya herufi za Roma ya kale, kama zile za tarehe ya Masaccio. Kwenye mapindo ya nguo nakshi iliendelea mpaka karne ya 16.

Ninalotamani watu wangeuliza ni jinsi duara lilivyotengenezwa, maana hapo pana ufundi unaostahili mshangao wote unaopotea kwenye uvumi. Ubao wa mpopla ulipakwa tabaka baada ya tabaka za jasi na gundi ya wanyama, ukasuguliwa mpaka ukawa laini kama pembe ya ndovu. Juu yake ulipakwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Dhahabu ilitoka kwenye sarafu: Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa wachoraji karibu mwaka 1400, alitaka sarafu moja ya dukati ipondwe itoe karatasi zisizozidi 100, akilalamika kwamba wapondaji walikuwa wakitoa 145, nyembamba mno. Karatasi hizo ziliwekwa juu ya udongo uliolowanishwa, kisha zikasuguliwa kwa jiwe gumu au jino la mnyama, lile la mbwa likiwamo, mpaka rangi ya dhahabu ikazama ikawa kama kioo cha giza. Duara lilichorwa kwa bikari. Kisha fundi alishika kijichuma chenye ncha na nyundo ndogo akaanza kugonga vitone, mamia kwa mamia, bila kuutoboa ukoko wa jasi. Mara nyingi aligonga uwanja na kuziacha herufi laini, au kinyume chake. Mshumaa ulipowashwa mbele ya altare, sehemu laini ilimeta upande mmoja na sehemu ya vitone ikametameta kila upande, na muumini akisogea, mkanda mzima wa vijiti na vitanzi ulicheza kichwani mwa Maria. Kazi hiyo ilihitaji sura ndefu, zilizosimama, zinazorudiwa. Herufi za sinia la Kimamluki zilifaa kuliko kitu chochote walichokuwa nacho.

Kwa Mwislamu anayeniuliza, nasema hivi: Maryam ana sura nzima kwa jina lake ndani ya Qurani, heshima yake haingoji ushahidi wa fundi wa Kitaliano. Kwa Mkristo: picha yako haina neno la mtu mwingine, usiiondoe, usiifute, wala usiipake chochote.

Sasa la kufanya picha ikikufikia, na ninasema kwa haraka maana ni mambo mepesi. Tafuta jina la mchoraji na mahali kazi ilipo, kisha fungua picha ya jumba la makumbusho lenyewe, yenye ukubwa wa kutosha. Iliyokatwa na kuchorwa mstari mwekundu itupe. Angalia kama imegeuzwa kushoto kulia, jambo linalofanyika sana kwenye simu: Mtoto yuko mkono upi, na tarehe au maneno ya Kilatini yanasomeka sawa? Soma mkanda wote kuanzia kulia, usichague kipande. Nakili unachokiona kwa kalamu, herufi moja moja, kabla ya kuamua kinasema nini. Mwenye haraka hukwama hapa. Tazama kama kipande kinajirudia. Tafuta kazi nyingine mbili za mchoraji huyohuyo ulinganishe. Mpe mtu asiyejua habari hii, anayesoma khati za kale, na usimwambie umeambiwa nini. Kujua kuongea Kiarabu hakutoshi. Aliyekutumia mjibu yeye kwanza, kwa upole, kabla ya kulijibu kundi zima. Ukiwa Unguja, Kizimkazi ni safari ya asubuhi moja, omba ruhusa msikitini na uvae inavyostahili. Ukiwa Florence, anza na Gentile pale Uffizi, kisha chukua usafiri wa kwenda Reggello na Cascia, lakini ulizia kwanza siku za kufunguliwa, maana jumba ni dogo na halifunguliwi kila wakati. Mbele ya picha usisimame katikati. Sogea pembeni hadi mwanga uipige dhahabu kwa ubavu, ndipo vitone na vijiti vitakapojitokeza na utaweza kuvihesabu.